Fani, Kazi na Ajira: Istilahi za Bima ya Ukosefu wa Kazi

Tafsiri moja ya somo la historia ya wafanyakazi iliyoletwa kwetu kwa ukaguzi inaeleza kwamba sheria ya bima ya taifa ya Uingereza ya mwaka 1911 iliwakinga watu wa "biashara saba" dhidi ya ukosefu wa kazi. Neno la Kiingereza linalohusika lina maana mbili, uchuuzi na kazi ya ufundi, na mfasiri ameishika ile iliyokuwa karibu naye. Msomaji atadhani waliokingwa ni wenye maduka, kumbe walikuwa wajenzi wa majumba, wajenzi wa barabara na bandari, waunda meli, mafundi mitambo, wasubu chuma, waunda magari na wapasua mbao. Neno lililotakiwa hapo ni fani.

Wala fani hizo hazikuokotwa ovyo. Zilichaguliwa kwa kuwa kazi yake hupanda na kushuka: baridi humsimamisha mwashi, na meli ikishashushwa majini bila nyingine kuagizwa, waundaji hurudi nyumbani. Wafanyakazi wapatao milioni 2.25 waliingizwa. Kila juma mfanyakazi alitoa peni 2 na nusu, mwajiri akatoa vivyo hivyo, na Serikali ikaongeza yake. Aliyekosa kazi alilipwa, tangu mwaka 1913, shilingi 7 kwa juma, kwa majuma yasiyozidi 15 katika mwaka. Ulipozuka ubishi kama fundi fulani yumo katika fani iliyotajwa au hayumo, aliwekwa mwamuzi wa kukata shauri. Yaani jina la kazi ndilo lililoamua nani alipwe. Sheria ya mwaka 1920 iliwapanulia mlango wafanyakazi wengi wengine, ikawaacha nje wa mashambani na watumishi wa nyumbani.

Huku kwetu Tanzania mlango si fani bali ajira, na hapo ndipo penye mashaka makubwa zaidi. Sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 ilileta fao ambalo baadhi huliita "fao la kukosa ajira" na wengine "fao la upotevu wa ajira", kana kwamba ni mamoja. Kwa maoni yetu si mamoja. Kukosa ni hali tu. Kijana aliyehitimu ufundi juzi naye amekosa ajira. Fao lenyewe, lile la kila mwezi, lamtaka mtu awe amechangia angalau miezi 18, na aliyejiuzulu kwa hiari hapewi. Basi "kukosa" linaahidi kuliko sheria itoavyo. "Upotevu" lina afadhali, ila lina harufu ya uzembe: aliyepunguzwa kazini hakuipoteza ajira yake kama mtu apotezavyo ufunguo. Tungependelea "fao la kukatika kwa ajira".

Sasa tumtazame fundi bomba anayelipwa na mwenye nyumba kwa kipande. Huyu ana kazi, lakini hana ajira. Kazi ikiisha hakuna ajira iliyokatika, maana hapakuwa na mwajiri wa kuwasilisha michango. Wasemaji wa kawaida hawatatizwi na jambo hili. "Nimepata kazi" na "nimeajiriwa" kwao ni habari mbili. Ni sisi wa ofisini tunaozichanganya, na kijikaratasi kikiandikwa "bima ya ukosefu wa kazi", fundi huyo ana haki ya kuamini kwamba anatajwa yeye.

Kwa hiyo istilahi hiyo pana ibaki katika mijadala ya jumla, kama ile inayohusu mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1952. Katika matangazo na fomu itumike ajira. Na mahali panapoulizwa tu "kazi yako", pawe na nafasi mbili, moja ya fani na moja ya jina la mwajiri. Atakayeiacha ya pili tupu aelezwe pale pale dirishani, kabla hajalipa nauli ya kurudi mara ya tatu.