Istilahi za Ufundi wa Magari na Pikipiki: Uhakiki wa Lugha ya Gereji za Tunduma

Istilahi hupimwa kwa vipimo vingi. Wako wanaoipima kwa asili yake, wakauliza kama imetoka katika lugha za Kibantu, katika Kiarabu au katika Kiingereza. Wako wanaoipima kwa ufupi wake, na wako wanaoipima kwa jinsi inavyokubaliana na kanuni za sarufi. Vipimo hivyo vyote vina haki yake. Makala haya yanakusudia kutumia kipimo kingine, nacho ni hiki: je, mtu mwenye spana mkononi, asiye na fundi karibu naye, akilisoma au akilisikia neno hilo, atatenda jambo lililokusudiwa? Uwanja tulioteua ni matengenezo ya magari na pikipiki za watu binafsi, na mahali tulipopateua ni mji wa Tunduma na mkoa wa Songwe kwa jumla.

Tunduma imeteuliwa kwa sababu. Mji huo uko mpakani mwa Tanzania na Zambia, ukikabiliana na Nakonde, na hupitiwa na barabara kuu ya TANZAM na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Tangu mwaka 2016, Songwe ilipotengwa na Mbeya kuwa mkoa, na tangu mwaka 2019, kituo cha forodha cha pamoja kilipofunguliwa, shughuli za mji huo zimeendelea kutegemea magurudumu. Humo Kiswahili hukutana na Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali na Kinyakyusa, na hukutana pia na Kibemba na Kiingereza cha upande wa pili. Neno la ufundi linalodumu mahali kama hapo limekwisha kupita katika tanuri.

Pengine msomaji atauliza kwa nini tumemchagua mwenye gari, tukamwacha fundi. Fundi hujifunza kwa jicho na mkono. Kijana akaaye gerejini huonyeshwa kipuri kabla ya kuambiwa jina lake, na hata jina likikosewa, kipuri kiko mbele yake. Mwenye pikipiki apendaye kujitengenezea chombo chake hana msaada huo. Mwalimu aliyeko Ileje hupiga simu duka la spea Tunduma na kuagiza kwa maneno matupu, hukisoma kibandiko cha chupa, humwuliza jirani. Kwake yeye neno ndilo fundi. Kwa hiyo yeye ndiye msomaji afaaye kuipima istilahi, kwa kuwa hana kitu kingine cha kumwokoa neno likishindwa.

MANENO YALIYOKWISHA KUFAULU

Jambo la kwanza ambalo mhakiki hana budi kulikiri ni kwamba sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanyika, tena bila kamati. Gari lilipofika katika nchi zetu, lugha haikulipokea mikono mitupu. Ilichukua usukani kutoka chomboni baharini ikaufunga kwenye motokaa. Ilikuwa na tupa, jiriwa, keekee, bisibisi na parafujo, maneno ya maseremala na wahunzi, nayo yakaingia gerejini kama wenyeji. Pikipiki ilipata jina lake kutokana na mlio wake, na hadi leo hakuna aliyetoa jina lililo bora zaidi.

Yaliyobaki yalitoholewa: rejeta, kabureta, plagi, pistoni, silinda, gasketi, beringi, klachi. Wako wenzetu wanaoyaonea haya maneno haya, wakidhani ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Hoja hiyo ni dhaifu. Chukua neno shokomzoba, ambalo mafundi wetu hulitumia kwa kile kifaa kinachotuliza mtikisiko wa gari. Mwingereza akilisikia hatalitambua. Limepita katika kinywa cha Mswahili likatoka likiwa na silabi zetu, lafudhi yetu na hata mzaha wetu. Aidha, kwa mji wa mpakani utohozi una faida ya biashara: Zambia hutumia Kiingereza kuwa lugha rasmi, na anayetafuta plagi au gasketi ng'ambo ya mpaka hueleweka kwa urahisi kuliko angetumia neno lililoundwa upya ofisini.

Mtu akipendekeza kwamba kabureta iitwe "kifaa cha kuchanganyia hewa na petroli", ameandika fasili. Istilahi hajaitoa bado. Fasili mahali pake ni ndani ya kamusi, baada ya kidahizo. Haiwezekani kuifokea dukani katikati ya ngurumo za malori.

Uhodari mkubwa zaidi wa gereji uko katika vitenzi. Injini hushushwa, oili humwagwa, choki huvutwa asubuhi za baridi ya Mbozi, injini hunoki. Gari lililozidiwa na joto husemwa limechemsha. Kitenzi hiki ni sahihi kabisa, kwani maji ya rejeta ndiyo yanayochemka. Tena katika nyanda za Tunduma, zilizo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi, wala hayangoji 100. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta kimeundwa kizuie mvuke na kuongeza kanieneo ndani, na ndiyo maana pia kukifungua gari likiwa limechemsha ni kujimwagia maji ya moto usoni. Neno hilo limeota mizizi hata nje ya gereji: mtu akishindwa jambo husemwa amechemsha. Anayetaka kulibadilisha ataje kwanza lile litakaloifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

MANENO YANAYOFICHA HATARI

Hata hivyo, kuisifu lugha ya gereji kusitufanye tuisujudie. Yapo maneno yake ambayo kwa fundi hayana madhara, bali kwa mwenye chombo anayejitengenezea ni mtego. Tutataja manne.

La kwanza ni "maji ya betri". Jina hili moja hubeba vitu viwili. Kimoja ni maji safi yaliyoondolewa chumvi, ya kuongeza katika betri iliyopungua. Cha pili ni asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, ambayo hutiwa katika betri mpya kavu mara ya kwanza. Betri ya kawaida yenye vifuniko, inapochajiwa na kutumika, hupoteza maji, asidi hubaki. Mwenye gari akiongeza asidi badala ya maji, mchanganyiko huwa mkali kupita kiasi na bamba za risasi huliwa. Hiyo ni hasara ya fedha tu. Hasara ya macho na ngozi huja pale mtu anapokishika chombo chenye asidi kana kwamba kina maji, kwa sababu jina limemwambia ni maji. Na ajabu ni kwamba Kiswahili hakikupungukiwa. Neno tindikali linajulikana kwa kila mtu, na kulisikia tu kunamfanya mtu arudi nyuma hatua moja. Kwa upande wa pili, shule zetu zimefundisha miaka mingi kitenzi kukeneka, na maji yaliyokenekwa. Maneno yote mawili yapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuyapeleka kwenye chupa.

La pili ni "oili". Nyumba nyingi za watumishi zina gari na pikipiki katika ua mmoja, na ni rahisi kudhani kwamba galoni moja itavihudumia vyote viwili. Lakini katika pikipiki nyingi za mipigo minne, oili moja huhudumia injini, gia na klachi, na sahani za klachi huzama ndani yake. Baadhi ya oili za magari hutiwa viungo vya kupunguza msuguano. Navyo vikifika kwenye sahani hizo, klachi huanza kuteleza. Viwango vya Kijapani vya JASO vimeitofautisha oili ya pikipiki zenye klachi ya namna hiyo kwa herufi MA. Hapa hatuhitaji kuunda neno jipya. Tunahitaji kuzoea kulikamilisha lililopo: oili ya injini ya gari, oili ya pikipiki, oili ya gia, oili ya usukani. Neno oili likisimama peke yake katika maelekezo ya maandishi, lihesabiwe kuwa kosa la mwandishi.

La tatu ndilo zito kuliko yote, nalo lahusu breki. Kile kilichomo katika mfumo wa breki, wengine hukiita oili ya breki na wengine maji ya breki. Majina yote mawili yanapotosha. Katika magari mengi tunayoyatumia, kitu hicho ni cha daraja la DOT 3 au DOT 4, nacho hakitokani na mafuta ya petroli. Mtu aliyeambiwa "oili ya breki" akaongeza oili ya injini atavimbisha mipira ya mfumo, na mipira hiyo ikivimba breki haziaminiki tena. Aliyeambiwa "maji ya breki" anaweza kudhani kwamba maji ni neno la kweli, na hali maji ndiyo adui. Kiowevu hiki huvuta unyevu kutoka hewani. Kiwango cha DOT 4 hudai kisichemke kabla ya nyuzi 230 kinapokuwa kipya, bali kikiisha kuingiwa na unyevu huweza kuchemka kwenye nyuzi 155. Sasa mfikirie mtu anayeshuka mteremko wa Senjele akiwa ameweka gia frii, akitegemea breki pekee. Joto hupanda, kiowevu kilichochakaa huchemka, mapovu ya mvuke hujaa, na mvuke hubonyea pale ambapo kiowevu hakibonyei. Dereva hukanyaga, na pedali huzama bure.

Kwa kitu hiki tunaafiki istilahi ya kitaalamu, yaani kiowevu cha breki. Wako watakaosema neno kiowevu ni geni masikioni mwa watu wa Vwawa na Mlowo. Ni kweli, na katika hali hii ugeni wake ni kinga. Halina maana jikoni wala kisimani, kwa hiyo halimshawishi mtu kumimina kitu kingine. Anayelikuta hulazimika kuuliza, na kuuliza ndiko tunakokutaka.

La nne ni "sevisi". Neno hili halimwunguzi mtu, ila humgharimu. Mwenye gari hulipia sevisi, na ofisi hupokea ankara yenye neno hilo moja. Je, oili imemwagwa? Chujio la oili limebadilishwa au limefutwa kwa kitambaa? Chujio la hewa, plagi, kiowevu cha breki? Neno halisemi. Mtumishi anayeidhinisha malipo kwa neno sevisi ameidhinisha kitu asichokijua. Liachwe litumike katika mazungumzo, lakini katika hati kila kazi itajwe kwa jina lake.

ISTILAHI ZILIZOPELEKWA PASIPOZIHITAJI

Kutokana na mifano hii lawama moja inajitokeza, nayo twaielekeza kwetu sote tunaoshughulika na istilahi: tumekuwa tukipeleka maneno mapya pale yasipohitajika, na kuyazuia pale yanapohitajika. Mwalimu wa sayansi husisitiza kanieneo ya tairi, na mwanafunzi akisema upepo husahihishwa. Kwa nini? Neno upepo katika tairi halimdanganyi mtu yeyote. Aliyeambiwa ajaze upepo atajaza hewa, hatajaza kitu kingine. Kanieneo ni istilahi njema ya fizikia na ibaki katika fizikia, na pia katika kueleza kwa nini kifuniko cha rejeta hakifunguliwi. Wakati huohuo kukeneka, kitenzi ambacho kingeweza kuokoa betri na macho ya watu, kimefungiwa katika daftari la kemia.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu mwaka 1974 limetoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu ili watumiaji wapate maneno yaliyokubaliwa. Kazi hiyo ni ya heshima. Lakini orodha ya istilahi hupangwa kwa alfabeti, na alfabeti haijui hatari. Katika orodha, tindikali na taa hukaa jirani zikiwa na uzito mmoja. Katika gereji hazina uzito mmoja.

MAPENDEKEZO

Tunapendekeza, basi, mambo manne. Kwanza, maneno ya gereji yakusanywe mahali yanapotumika, kwa tahajia moja iliyoamuliwa, maana leo neno moja huandikwa klachi kwenye kibao hiki na kluchi kwenye kibao cha jirani. Pili, neno lililoenea na lisilopotosha lisanifishwe kama lilivyo, hata kama ni la kutoholewa. Tatu, neno linalojumuisha vitu viwili ambavyo vikibadilishana huleta madhara ligawanywe, na katika kugawanya huko istilahi ya kitaalamu ipewe nafasi yake bila woga. Nne, maneno ya kundi hili la tatu yasiishie vitabuni. Yafikishwe kwa waandishi wa vibandiko vya chupa, kwa walimu wa vyuo vya ufundi na kwa watayarishaji wa hati za matengenezo ya serikali.

Fundi mwaminifu hafungui injini inayokwenda vizuri kwa sababu tu anajua kuifungua. Husikiliza kwanza, akatafuta sauti isiyo ya kawaida, kisha hugusa pale tu penye ubovu. Msanifishaji wa istilahi hana budi kufuata mwenendo huohuo. Katika lugha ya gereji za Tunduma penye ubovu ni pachache, na tumejaribu kupataja. Yaliyobaki yanakwenda, yaachwe yaende.