Oktoba Haikosi Kuja, Hagaya Hukosa

Kulamawe ni mji mdogo katika kaunti ya Isiolo, mashariki mwa Isiolo mjini, kwenye njia ya Garba Tulla. Wenyeji wake wengi ni wafugaji wa Kiborana, lakini jina la mji ni Kiswahili kisichohitaji kamusi: kula, mawe. Ajabu ni kwamba lugha iliyoupa mji jina haijajifunza kuyataja majira yake.

Sikiliza taarifa za hali ya hewa kila Septemba inapokaribia kwisha. Mara utasikia "mvua fupi", mara "msimu wa Oktoba, Novemba na Desemba", mara "mvua ya vuli". Majina matatu kwa kitu kimoja. Hebu tuyapime moja baada ya jingine.

"Mvua fupi" ni tafsiri sisisi ya Kiingereza. Neno "fupi" hapa linalinganisha muda wa msimu huu na ule wa Machi hadi Mei. Halisemi lolote kuhusu wingi wa maji, ila msikilizaji wa kawaida akisikia "fupi" huelewa "kidogo". Je, mvua iliyoanza Oktoba 1997 na kuendelea hadi mapema 1998, ikabomoa madaraja na kukata barabara, ilikuwa fupi kwa nani? Na mafuriko ya mwisho wa 2023 kaskazini mwa Kenya je? Isitoshe, katika sehemu nyingi kavu za mashariki mwa nchi, mvua za mwisho wa mwaka ndizo zinazotegemewa zaidi. Kuziita fupi ni kumwita mlezi wa nyumba mgeni.

"Oktoba, Novemba na Desemba" ni lugha ya jedwali. Mtaalamu anaihitaji, sikatai. Tatizo ni kwamba miezi haikosi kuja. Mvua isiponyesha, Oktoba itafika tu, itapita, na msimu utahesabiwa kuwa umekwisha.

Waborana wana jina jingine: Hagaya. Hutanguliwa na Adolessa, kipindi kikavu chenye ubaridi kinachoanza Juni hivi. Hufuatwa na Bona, kiangazi kikali. Kisha huja Ganna, mvua za Machi hadi Mei. Hagaya ni jina la mvua yenyewe, na kwa hivyo hukosa. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilishindwa: Hagaya tatu na Ganna mbili. Mfugaji anaweza kuuliza, "Hagaya imekuja?" na swali likawa na maana. Hebu jaribu kuuliza, "Oktoba imekuja?" Utachekwa.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Kwa sababu wakati wa mpito ndio wakati wa maamuzi. Kwa desturi ya Waborana wa Isiolo, baraza la wazee liitwalo dedha hugawa malisho: ya wakati wa mvua, ya kiangazi, na ya akiba kwa ukame. Mifugo ikihamishwa kwa kufuata mwezi ilhali mvua haijanyesha, hukuta nyasi haijaota. Ikichelewa, akiba ya kiangazi huliwa hadi mizizi. Jina la majira hapo ni chombo cha kazi.

Limebaki "vuli". Hili ni neno letu, tena zuri. Pwani na Zanzibar hutaja mvua za mwisho wa mwaka, na huko Tanzania hata utabiri rasmi husema Vuli na Masika bila haya. Kisa chake ni kwamba watafsiri, na sasa mashine zao, wameliteka. Kila majani yanapopukutika Ulaya, kwetu huandikwa "vuli". Na majani yanapochipua huko, tunaletewa "majira ya chemchemi", utadhani misimu huchotwa kwa ndoo. Anayesoma "vuli" hajui tena kama avae koti au aandae jembe.

Wajapani walikumbana na tatizo kama hili. Kalenda yao ya jadi ilitoka Uchina, ikiugawa mwaka katika vipindi 24, kila kimoja na vijisehemu vitatu, jumla 72. Majina hayo yaliakisi hali ya hewa ya Uchina. Mnajimu Shibukawa Shunkai, aliyetunga kalenda iliyoanza kutumika 1685, aliviandika upya vile vijisehemu 72 vilingane na mimea, ndege na mvua za Japani. Hata hivyo, kipindi kiitwacho Risshu, yaani kuingia kwa vuli yao, bado huanza karibu na Agosti 7, joto likiwa linachoma. Wanafanyaje? Wana neno zansho, joto lililosalia. Kadi za salamu za kiangazi hubadilisha jina siku hiyo ikifika, ingawa jasho ni lile lile. Kalenda imesema lake, ngozi nayo imepewa neno lake.

Lugha ya Kioromo yenyewe inatufunza hivyo hivyo. Ganna ya Waborana ni ya Machi hadi Mei. Kwa Waoromo wa nyanda za juu za Ethiopia, ganna ni mvua ya Juni hadi Septemba. Neno limeifuata mvua, halikuufuata mwezi.

Atatokea wa kusema kwamba taarifa ya taifa zima haiwezi kubeba majina ya kila jamii. Kweli. Lakini taarifa za Isiolo huandikwa kwa ajili ya Isiolo. Turudishe "vuli" na "masika" kama maneno ya nchi nzima, tuwaachie Wazungu "majira ya kupukutika majani" yao, na kwa watu wa Kulamawe tuseme "vuli, yaani Hagaya". Kiswahili kimekopa kutoka Arabuni, Uhindi na Ureno bila kupungukiwa. Kukopa neno moja kutoka Garba Tulla hakutakifilisi.