Mcheza Kwao Hutunzwa, na Kwao Wapi? Maoni Yetu Juu ya Lupita Nyong'o

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tulioko hapa Bustan, baina ya majabali na bahari ya Maskati, methali hiyo hutupa taabu kidogo, maana wengi katika wazee wetu wamezaliwa Unguja, Mombasa au Bujumbura, na watoto wetu wakiulizwa kwao wapi, hutazamana kwanza. Ndiyo maana safari hii tumeona tumzungumzie Lupita Nyong'o, mwigizaji aliyetunzwa mbali na kwao.

Alizaliwa Mexico City mwaka 1983, wakati baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, akisomesha huko baada ya kuondoka Kenya kwa sababu za kisiasa. Wajaluo huwa na desturi ya kumpa mtoto jina linaloambatana na mambo ya siku aliyozaliwa, basi yeye akapata jina la huko huko Mexico. Familia ilirejea Kenya angali mchanga. Alipofika miaka 14 alicheza Juliet katika tamthilia ya Shakespeare mjini Nairobi. Alipofika 16 wazee wake walimpeleka tena Mexico akajifunze Kispania. Baba alikuja kuwa waziri, kisha gavana wa Kisumu, lakini binti alianzia chini, akifanya kazi nyuma ya kamera katika The Constant Gardener, filamu ya 2005 iliyopigwa Kenya.

Machi 2014 alitwaa Oscar kwa kumwigiza Patsey, mtumwa wa shamba la pamba, katika 12 Years a Slave. Watu wa Mexico wakasema ni wetu, Wakenya wakasema ni wetu. Hatuna ugomvi na tuzo ile, alistahiki. Ugomvi wetu ni na yaliyofuatia. Mwanamke aliyetunzwa kwa uso ulioeleza maumivu bila ya maneno, filamu kubwa zilizomchukua baadaye zikamficha uso huo huo. Katika Star Wars ya 2015 akawa kiumbe wa kompyuta, na katika The Jungle Book ya 2016 akawa sauti ya mbwamwitu. Mwenyewe amepata kusema kuwa baada ya tuzo aliletewa tena kazi za kuigiza mtumwa. Ilibidi ifike 2019, katika Us, ndipo Hollywood ilipomwachia filamu nzima aibebe.

Kwa hivyo kwetu sisi kazi yake bora siyo ile ya Oscar. Ni Queen of Katwe ya 2016, iliyoongozwa na Mira Nair. Humo ni Nakku Harriet, mjane wa mtaa wa Katwe, Kampala, mama yake Phiona Mutesi, msichana bingwa wa sataranji. Harriet hampingi mwalimu wa mchezo kwa ujinga. Anaogopa mwanawe asije akaonjeshwa maisha ambayo kesho hatayapata. Lupita haombi huruma yetu hata mara moja. Anasimama mlangoni kama mama yeyote anayehesabu chakula cha kesho. Tulipoitazama pamoja, kinamama wa barazani, ambao hawaachi kusemezana filamu ikiwa inakwenda, walinyamaza. Kasoro yake ni lugha: mama wa Katwe anasema na wanawe kwa Kiingereza karibu filamu nzima.

Na lugha ndiyo iliyotugusa zaidi. Mwaka 2024, katika kipindi chake cha Mind Your Own, Lupita alieleza kuwa alipokuwa akisomea uigizaji Yale aliiacha lafudhi yake ya Kenya ili apate kazi Marekani, na jambo hilo lilimuumiza. Baada ya 12 Years a Slave aliamua kuirejea alipokuwa akizungumza hadharani.

Ndugu zetu, sisi hapa tunafanya yayo hayo bila ya Oscar. Mtoto anasemeshwa Kiswahili, anajibu Kiarabu au Kiingereza, nasi tunacheka tukaendelea na kahawa. Lupita alikwishatunzwa ndipo akaona anaweza kurudi katika sauti yake. Watoto wetu wangoje tuzo gani?

Itazameni Queen of Katwe na watoto wenu, na ikimalizika waulizeni kwa Kiswahili wameona nini. Wakikosea maneno, msiwacheke. Tunangojea maoni yenu.