Tandika mkanda mzima kabla ya kuchagua picha

Mwaka 2006 mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alitengeneza mfululizo wa picha uitwao "Mémoire". Nyuma kuna viwanda vilivyochakaa vya kampuni ya madini ya Gécamines, kwa rangi. Mbele wamesimama watu wa nyeusi na nyeupe, waliokatwa kwa kompyuta kutoka picha za enzi ya Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni: vibarua waliopangwa mstari, maofisa wa kikoloni. Hakuwatia rangi, na uamuzi huo ndio uliobeba kazi nzima. Angewapaka, wangezama katika mandhari. Walivyoachwa na kijivu chao, mtazamaji anauona ukingo wa mkato na kujiuliza walikatwa kutoka wapi, kando yao alisimama nani.

Swali hilo linalihusu kila kundi linalomaliza mafunzo ya kupiga picha kwa filamu. Desturi ya sasa ni kila mmoja kuleta picha yake moja nzuri na kuituma kwenye WhatsApp. Naiona ni hasara kubwa: fremu 35 zilizobaki, pamoja na namna mtu alivyolizunguka jambo hadi akalipata, zinafichwa.

Dawa yake ni planshi ya kontakti. Mkanda wa fremu 36 hukatwa vipande sita vya fremu sita, vikalazwa juu ya karatasi ya picha chini ya kioo, kisha taa. Tumieni karatasi ya sentimita 24 kwa 30. Ile ya 20 kwa 25 inabana, kwa kuwa vipande sita vya milimita 35 vinahitaji milimita 210. Muda wa mwanga utafutwe mara moja: ule mfupi kabisa unaoufanya ukingo mtupu wa filamu uwe mweusi kama karatasi inavyoweza kuwa. Muda huohuo, taa ileile, karatasi ileile kwa wote. Hapo ndipo planshi zinaweza kulinganishwa. Aliyeinyima filamu mwanga ataonekana kwa giza lake, bila mtu kumnyooshea kidole.

Kusafisha filamu nako kuwe kwa kipimo kimoja. Filamu ya HP5 Plus ndani ya dawa ya ID-11 isiyoongezwa maji huchukua dakika 7½ kwenye nyuzi 20. Oktoba, joto la Lubumbashi linapopanda kabla ya mvua, dawa nayo hupata joto na muda hufupika. Ukishuka chini ya dakika 5, mabaka huja kirahisi. Kizungushieni chombo maji ya barafu hadi dawa irudi nyuzi 20.

Kisha watu waongee. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 na wanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, uliweka picha, vitu na maneno ya wakazi pamoja. Kundi likirudi na mikanda yake lifanye vivyo hivyo: kila mmoja apitie planshi yake fremu kwa fremu, sauti irekodiwe kwa simu, namba ya fremu itajwe kabla ya kila maelezo. Uchaguzi wa picha ya kukuza uje baada ya hapo.

Negativu zibaki kwa aliyepiga. Planshi zitolewe mbili, moja yake na moja ya kundi, na nyuma paandikwe kwa penseli laini mahali, tarehe, filamu, dawa na muda.