Mgongo Uliolowa

Mimi napenda kuona nguo zikiwa zimelowa. Nasema mapema ili tusizungukane. Napenda jinsi shati linavyokoza rangi likishika maji, jinsi gauni la bei rahisi linavyopata uzito ghafla, jinsi nywele zinavyolala na kuonyesha umbo la kichwa. Nimelelewa Malili, na huku mvua haiji ovyo. Mtu akipita amelowa, watu wanageuka kumwangalia. Kwa hivyo filamu na picha za watu waliolowa naziangalia kama mambo ya kwetu, na nina ubishi nazo.

Tuanze na ile sari ya bluu. Kama kwenu kulikuwa na mtu wa filamu za Kihindi, unaijua: Sridevi katika Mr. India ya mwaka 1987, akicheza huku maji yakimlowesha na sari ikimganda mwilini. Wimbo mtamu, bana, na Sridevi anaucheza kwa akili kuliko wote waliomwiga baadaye. Lakini hebu angalia mpango wenyewe. Shujaa wa filamu hiyo ana kifaa kinachomfanya asionekane. Mwanamke amelowa mbele yetu sote, mwanamume hayuko machoni. Shekhar Kapur, mwelekezi wake, alituchorea ramani nzima ya picha za aina hii: anayelowa anatazamwa, anayetazama hana mwili, na asiye na mwili halowi.

Halafu maji yenyewe yametoka wapi? Hakuna anayeuliza. Waingereza nao walipoamua kumlowesha mwanamume, Colin Firth katika Pride and Prejudice ya BBC ya mwaka 1995, walimtoa kwenye bwawa la shamba lake mwenyewe. Watu walikumbuka shati. Mimi nilikumbuka bwawa. Jamaa ana bwawa zima, na analitumia kupoza joto tu!

Nywele nazo zina hadithi yake. Miaka ya 1980, Ukambani ilipata njaa iliyoitwa Nikwa Ngwete, maana yake nakufa nikiwa nayo: pesa mkononi, chakula cha kununua hakuna. Miaka hiyohiyo, mtindo wa kalikiti ulikuwa umeingia kutoka Marekani, nywele zikiwekwa dawa na mafuta zionekane zimelowa kutwa. Tuna picha ya shangazi yangu ya wakati huo, ya studio, kichwa kinang'aa kama ametoka kuoga sasa hivi. Naipenda kuliko sari ya bluu. Hakuna tone la maji pale. Ni mafuta matupu, na macho yake yanasema anajua hivyo. Alijinunulia unyevu ambao mawingu yalimnyima, na hakuna aliyemmwagia.

Kazi iliyonifundisha kutazama upya ni Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009. Vita vya maji vimekwisha, watu wanaishi ndani ya kuta, na jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe tena. Asha, anayeigizwa na Kudzani Moswela, anatoroka na mche wake hadi jangwani, anaupanda, anaupa maji yake ya mwisho, kisha jasho lake. Ngozi yake inang'aa kwa unyevu, na kamera inamkaribia kama ilivyomkaribia Sridevi. Tofauti ni kwamba hapa unajua kila tone limetoka wapi na linaenda wapi. Ndiyo maana ule unyevu ni mzuri hadi unauma. Hicho ndicho kipimo changu tangu siku hiyo.

Nikadhani nimemaliza. Nina kipimo, nina ladha safi.

Sasa sikia. Huku kwetu wanawake hubeba maji kwa mukwa, ule mkanda unaopita juu ya paji la uso huku mtungi wa lita 20 ukikaa mgongoni. Kifuniko kikilegea, maji yanavuja taratibu, na mtu akifika nyumbani gauni limelowa mgongoni, doa kubwa lenye umbo la mtungi. Kwangu hilo ndilo vazi zuri kuliko yote niliyotaja. Unasoma safari yote hapo, urefu wake na uzito wake.

Siku moja nilimpiga mama picha ya namna hiyo kwa simu, kwa nyuma, bila kumwambia. Jua la jioni, gauni la kijani limegeuka karibu jeusi pale lilipolowa. Ilikuwa picha kali, kusema ukweli. Nikamwonyesha nikitarajia sifa. Akaishika simu mbali kidogo, akaangalia, akauliza, "Na uso wangu uko wapi?" Kisha akaniambia niifute.

Nilitaka kumweleza habari ya Asha na kipimo changu. Nikaona aibu. Maji nilijua yametoka wapi, lakini mimi nilikuwa nyuma yake, mikono mitupu, nguo kavu, sionekani. Yule shujaa wa Mr. India kabisa.

Nikaifuta. Jumapili akaniita nimpige nyingine: amesimama mlangoni, kitambaa kipya kichwani, gauni limepigwa pasi, kavu kama karatasi. Kama mhakiki, ningesema ni picha ya kawaida tu. Ndiyo aliyoichagua yeye.