Slufay na Wimbo wa Bure

Waimbaji wa Mbulu na Hanang watoao nyimbo zao bure katika intaneti hulaumiwa kuwa waitupa mali yao. Lawama hiyo siikubali. Slufay, ushairi wa dua wa Wairaqw, haina kiingilio: mzee huongoza, na mkutano humwitikia, itikio ndilo ujira wake. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 yaweza kumzuia mwizi, lakini haiwezi kumpatia mwimbaji waitikiaji. Kutoa bure kwaweza. Hasara niionayo mimi ni nyingine. Mkutanoni kila mtu amjua mzee asemaye. Wimbo upitao simu hadi simu huachana na mwenyewe njiani. Mmoja nilioletewa juzi (beti zake nzuri, nakiri) uliandikwa “Kimbulu” tu, kana kwamba wilaya nzima ndiyo iliyouimba.