Katekisimo Ndogo na Macho Mekundu ya Kikongwe

Katekisimo Ndogo ya Martin Luther (1529) humtaka aungamaye ajipime kwa Amri Kumi katika nafasi yake: baba, mama, mtoto, bwana au mtumishi. Hapo ndipo penye nguvu ya kitabu hiki.

Udhaifu umo katika matumizi yetu. Huko Bariadi, wilaya iliyokuwa ya Shinyanga hadi Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, kama kwingineko Usukumani, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, hata kwa sababu ya macho yaliyowekundishwa na moshi wa jikoni. Sisi twahubiri amri ya pili, ambayo chini yake Luther alikataza uchawi, tukaishia hapo. Amri ya tano na ya nane humhoji mshtaki, na pia jirani aliyenyamaza: je, ulimtetea?

Luther mwenyewe, akihubiri mwaka 1526, aliunga mkono wachawi kuuawa. Katekisimo yake yamhukumu hata yeye. Basi mchungaji, kabla ya kuwahoji washarika, na ajiulize: msibani nilisikia jina la nani likitajwa, nami nikasema nini?